Vitabu vya zamani vya Noeli: tuwape watoto nini?

Kila mwaka Noeli inapokaribia, mvua inanyesha Lubumbashi, maembe yanaiva, na watoto wa makanisa yetu wanajifunza mashairi ya kusema mbele ya washiriki. Mara nyingi mashairi hayo ni ya Kifaransa, yametoka katika vitabu vya zamani, na yanasimulia theluji, misonobari na moto wa chumbani. Mtoto anayasema bila kukosea, nasi tunapiga makofi. Tukimwuliza maana yake, ananyamaza.

Hatusemi vitabu hivyo vitupwe. Tunataka kueleza vilianzaje, vilikusudia nini, na namna ya kuvitumia leo.

Vilianzaje

Mwaka 1780 Robert Raikes alianzisha shule ya Jumapili katika mji wa Gloucester, Uingereza. Watoto maskini walifanya kazi siku sita, na siku ya saba wakafundishwa kusoma kwa Biblia. Mtoto aliyejua kusoma alihitaji kitabu. Ndipo vyama vya Kikristo, kama Religious Tract Society kilichoanzishwa London mwaka 1799, vilichapa vitabu vidogo vya bei nafuu. Vitabu vya namna hiyo vilitolewa kama zawadi kwa watoto waliohudhuria vizuri, na Noeli ikawa majira ya kuvigawa.

Mashairi yake hayakuwa pambo tu. Mwaka 1848 Cecil Frances Alexander, mama wa Ireland, alitoa kitabu cha nyimbo za watoto wadogo. Alitaka waelewe Imani ya Mitume, kwa hiyo alitunga shairi juu ya kila sehemu yake. Pale Imani inapotaja kuzaliwa kwa Yesu, alitunga wimbo wa Noeli ambao unaimbwa mpaka leo katika nchi nyingi.

Hadithi nazo zilifundisha. Henry van Dyke, mchungaji wa Kipresbiteri huko New York, alitoa mwaka 1895 hadithi ya mamajusi wa nne. Mtu huyu anachelewa kwa sababu anamhudumia mgonjwa njiani. Anatumia vito alivyomwekea Mfalme kuwaokoa watu wenye shida, na mwishoni anatambua kwamba alipowasaidia hao alimtumikia Yesu mwenyewe. Hadithi hii haimo katika Biblia, na lazima watoto waambiwe hivyo. Lakini fundisho lake ni lile la Matayo 25.

Jambo la zamani kuliko vitabu hivi

Tukifungua Luka sura ya 1 na ya 2, tunakuta nini? Hadithi na mashairi pamoja. Maria anaimba, Zakaria anaimba, malaika wanaimba, mzee Simeoni anaimba. Hadithi inamwonyesha mtoto jambo lililotukia. Shairi linamwachia maneno ya kubaki nayo moyoni.

Na kubaki moyoni si jambo dogo. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1974, wakati serikali ya Zaire ilipoondoa Noeli katika sikukuu za taifa, na mafundisho ya dini yakaondolewa shuleni. Kalenda inaweza kubadilishwa kwa amri. Wimbo ambao mtoto ameuelewa na kuushika hauondolewi kwa amri. Lakini maneno aliyoyashika kama kasuku yatamsaidia nini siku ya taabu?

Namna ya kuvitumia

Kwanza, mwalimu asome shairi au hadithi yote na kuilinganisha na Luka 2 na Matayo 2. Vitabu vingi vinasema wafalme watatu. Matayo anasema mamajusi, wala hataji idadi.

Pili, atenganishe habari na mavazi yake. Theluji ni hali ya hewa ya mwandishi, si sehemu ya Injili. Mtoto wa Kenya au Kamalondo anaweza kumpokea Yesu katika mvua na matope ya mtaa wake.

Tatu, amweleze mtoto maana kwa Kiswahili kabla ya kumshikisha maneno. Kama shairi ni la Kifaransa, mtoto alisimulie kwanza kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, hayuko tayari kusimama mbele ya kanisa, na kosa si lake.

Nne, tuandike vya kwetu. William Burton, mmisionari aliyefika Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka 1915, alikusanya methali na hadithi za Waluba na kuzichapisha. Mgeni aliona kwamba masimulizi ya nkambo zetu yanastahili kuwekwa kitabuni. Sisi wenyewe je? Wapo wazee kanisani wanaokumbuka nyimbo na michezo ya Noeli ya utoto wao. Tuwaulize wangali hai, tuandike katika daftari.

Mwisho, vitabu vya zamani vilivyobaki tusiviweke sakafuni. Mchwa na unyevu wa masika havichagui. Viwekwe juu, mahali pakavu, na kila ukurasa upigwe picha kwa simu.

Noeli hii, mtoto akimaliza kusema shairi lake, tusiishie kupiga makofi. Tumwulize: “Umetuambia nini, mwanangu?” Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama tumempa zawadi au tumempa mzigo.