Kiungulia baada ya futari: Tusikipuuze

Allah (S.W.) ametupa miili hii iwe amana kwetu. Leo tunakumbushana juu ya maradhi ambayo wengi huyabeba kimya kimya, hasa katika Ramadhani, nayo ni kiungulia.

Mwisho wa umio, njia ya chakula kwenda tumboni, upo msuli unaofunga mfano wa mlango. Msuli huo ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, tindikali hupanda na kuunguza. Dalili zake ni moto kifuani, uchachu mdomoni, na pengine kikohozi kikavu cha usiku au sauti kukwaruza.

Tujiulize: tunafuturu vipi? Wengi wetu hujaza sambusa, kachori na nyama ya mafuta kwa mkupuo mmoja, kisha tukajilaza. Ilhali Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi.

Basi tufungue kwa tende na maji, tuswali Magharibi, kisha tule kwa kiasi. Tupunguze vya kukaanga, pilipili na kahawa, na sigara tuiache kabisa. Tusilale kabla ya saa 2 hadi 3 kupita tangu kula. Na daku iwe nyepesi. Anayesumbuliwa usiku ainue kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20.

Kiungulia kikijirudia mara mbili au zaidi kwa wiki, tumwone daktari. Tusichelewe iwapo chakula kinakwama kooni, mwili unakonda bila sababu, mtu anatapika damu au anapata choo cheusi. Na maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, huenda ni ya moyo: hapo ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Wapo wazee wetu wanaoficha maumivu wakichelea kuambiwa wafungue. Tuwakumbushe kwa upole kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na kuipokea ruhusa hiyo si upungufu wa imani. Tuwaulize hali zao leo, kabla maradhi hayajakomaa.