Wasio na Kazi Kwetu ni Wangapi?

Siku moja, katika habari za dunia, redio ilitangaza kwamba mwezi ule idadi ya watu wasio na kazi katika nchi ya Marekani imepanda kidogo, hata haikufika mtu mmoja katika kila mia. Kesho yake mwanafunzi mmoja wa darasa letu, hapa Butembo, alisimama akauliza: "Mwalimu, na kwetu je, ni wangapi? Mwezi huu wamezidi au wamepungua?" Wenzake wakacheka, maana hapana hata mmoja wao asiye na kaka au mjomba aketiye barazani tangu asubuhi. Sisi hatukucheka. Swali lilikuwa jema, tena gumu, na jibu lake tunalileta hapa ili wazazi nao walisome.

Yafaa kwanza tueleze hesabu hiyo hufanywa namna gani. Kule Marekani, kila mwezi, watu wa serikali huuliza nyumba zipatazo 60,000, zilizochaguliwa kwa kura toka pande zote za nchi. Huuliza habari za juma moja tu, lile lenye tarehe 12. Mtu aliyefanya kazi ya malipo katika juma hilo, hata kwa saa moja, huandikwa kuwa anayo kazi. Asiyefanya kazi yoyote, lakini yu tayari kufanya, naye ameitafuta katika majuma manne yaliyopita, huandikwa kuwa hana kazi. Na yule asiyetafuta, awe mzee, awe mwanafunzi, au awe mtu aliyechoka kubisha hodi tu, huwekwa kando kabisa, hahesabiwi upande huu wala upande ule. Kisha wasio na kazi hulinganishwa na jumla ya makundi mawili ya kwanza, na hapo hupatikana kiasi cha kwa mia. Kwa sehemu kubwa kanuni hizo ndizo zilizokubaliwa katika Shirika la Kazi Duniani, lenye makao yake Geneva, nazo nchi nyingi huzifuata.

Wasomaji wetu wanaikumbuka habari ya wale vibarua wa shamba la mizabibu walioitwa saa ya mwisho, jua likikaribia kutua. Walikuwa wamesimama sokoni kutwa nzima, wakapata kazi ya saa moja. Basi, kwa kanuni ya Geneva, watu wale wote wanayo kazi kwa juma lile zima!

Katika nchi tajiri hesabu hii yafaa, kwa sababu mtu aliyeachishwa kazi huweza kupewa posho, naye akaa miezi kadhaa akitafuta kazi inayomfaa. Ugonjwa wa korona ulipofunga maduka na viwanda, idadi kule Marekani iliruka toka chini ya 4 kwa mia mnamo Februari 2020 hadi zaidi ya 14 kwa mia mnamo Aprili. Hesabu ya mwezi ikasema kweli. Wakuu wakauona moto ungali unawaka.

Kwetu hakuna hesabu ya kila mwezi. Ofisi ya hesabu ya serikali yetu imefanya uchunguzi mkubwa wa kazi na maisha ya nyumbani, kama ule wa mwaka 2012, lakini kati ya uchunguzi na uchunguzi hupita miaka, wala si majuma. Wataalamu wa Geneva, wasipopata hesabu mpya, hukadiria. Nao kwa miaka ya karibuni hukadiria kwamba wasio na kazi katika Kongo ni karibu watu 5 katika kila mia. Afrika ya Kusini, yenye migodi na viwanda, ina zaidi ya 30! Je, ndiyo kusema vijana wa Johannesburg wafunge mizigo waje Butembo? Kila mtu ajua safari yaelekea upande gani.

Sababu yake si uongo wa wataalamu. Maskini asiye na posho hana uwezo wa kukaa bila kazi hata juma moja. Asipopata mshahara atasukuma chukudu, atalima shamba la mtu, atauza vocha za simu, ataendesha pikipiki ya tajiri na kumpelekea fungu lake kila jioni. Jioni ana kitu kidogo mkononi, na kwa hiyo anayo kazi. Sisi twaona kwamba idadi hiyo ndogo haipimi shibe ya nchi. Yapima tu ni wangapi wawezao kungoja.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Mfikirie mama mmoja wa milima ya Lubero, alimaye maharagwe na viazi hasa kwa chakula cha watoto wake. Kwa kanuni za mwaka 1982 mama huyo alihesabiwa kuwa anayo kazi. Mnamo Oktoba 2013 wataalamu walikutana Geneva wakaamua kwamba alimaye hasa kwa kula nyumbani kwake afanya kazi kweli, lakini si katika safu ya wenye kazi ya malipo au faida. Mama yule hakubadili jembe wala shamba. Aliamka saa ile ile, akapanda mlima ule ule. Ila akahamishwa safu, wala hakujua.

Basi miezi kwetu huhesabiwa kwa nini? Zamani, toka mwisho wa miaka ya 1920, watu wa Butembo waliweza kuitazama kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyofanya makao yake hapa, kama inaandika watu ama inawafukuza. Siku hizi twatazama mvua na barabara. Mvua za Septemba na zile za Februari na Machi huwaita vibarua mashambani. Jua la Juni na Julai huwaita wafyatuao matofali na wajengao nyumba. Barabara ya Kasindi ikipitika, malori huingia toka Uganda, na wapakuzi, makarani, na mama wauzao chakula barabarani hupata riziki. Ikifungwa siku tatu, jikoni hujulikana. Tena kuna vita. Toka Oktoba 2014, mauaji katika nchi ya Beni yamewafukuza watu wengi katika mashamba yao, na wengine wameuawa humo humo wakivuna. Kakao huiva, na mwenyewe yuko mjini akitafuta kibarua cha kufua nguo.

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote tuliyoyaona hayakuletwa na mvua wala biashara. Yaliletwa na ugonjwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa huko Mangina, karibu na Beni. Tarehe 25 Juni 2020 ikatangazwa kwamba imekwisha. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Katika miezi hiyo karibu 23 kazi zilimwagika kama mvua ya mawe. Walitakiwa wachanjaji, maana watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Walitakiwa wafuatiliaji wa waliogusana na wagonjwa, wapima joto vizuizini, wachimba makaburi, walinzi, wapishi, madereva. Mwenye gari alilikodisha kwa dola. Vijana wenye diploma, ambao hawakupata kuuona mshahara, waliuona kwa mara ya kwanza.

Nao mshahara ule uliweka mwiba. Watu walinung'unika kwamba kazi nzuri zinapewa wageni toka mbali, huku mwenyeji akiachiwa ndoo ya klorini. Wengine walisema waziwazi kwamba ugonjwa ni biashara, na kwamba wafaidikao nao hawatauacha uishe. Mnamo Februari 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Hatusemi kwamba wivu wa kazi peke yake ndio uliowasha kiberiti, la. Siasa ilikuwamo, na hofu, na uongo mwingi. Lakini wivu nao ulikuwamo.

Na liko jambo ambalo wazazi wa mabinti hawana budi kulijua, ingawa ni chungu. Tume huru iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa taarifa yake tarehe 28 Septemba 2021. Iliwataja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Wanawake wengi walieleza kwamba waliahidiwa kazi wakikubali kutoa miili yao, au walitishwa kwamba watafukuzwa wakikataa. Katika hesabu ya mwezi, mmoja wa mabinti hao angeandikwa tu kuwa amepata kazi.

Juni 2020 ilipopita, mahema yakakunjwa, magari yakaondoka. Maelfu ya kazi yalikwisha pamoja na ugonjwa, nasi tulishukuru na kusikitika katika sala moja. Tarehe 27 Januari 2025 Goma ilitekwa, wakuu wa mkoa wakahamia Beni, na biashara nyingi iliyopita njia ya kusini ikakatika.

Baada ya kueleza hayo, tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kufanya nyumbani: kila mmoja aandike watu wazima wa nyumba yake, na kazi ya kila mmoja katika juma lililopita. Walirudi wakibishana. Mama auzaye ndizi mlangoni awekwe wapi? Na mwalimu afundishaye miaka mitano bila jina lake kufika katika orodha ya mishahara ya serikali? Yule mwanafunzi aliyeuliza swali alikuja wa mwisho. Mbele ya jina la kaka yake palikuwa patupu. Akasema kaka yake alikuwa mfuatiliaji wakati wa Ebola, bado ametunza fulana yake, na tangu hapo hajui aandike nini. Tukamwambia aandike alichokifanya juma lililopita, basi. Akafikiri, akaandika: "Amefyatua matofali siku mbili."