Shomoro wa Darini

Shomoro hakai msituni. Makao yake ni kwetu: chini ya makuti, katika matundu ya kuta za mawe, juu ya milango ya maduka ya Mombasa. Dume na jike huwalisha makinda wao wadudu, na kwa muda wa wiki mbili hivi makinda hao hawawezi kuruka.

Huo ndio muda ambao wana wetu huwapandia, wakawafunga uzi mguuni. Imepokewa na Abu Daud kwamba Masahaba walipokuwa safarini walichukua makinda wawili, mama yao akaja akipiga mabawa, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha arejeshewe wanawe.

Kufuga si haramu. Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake. Kutokana na hadithi hiyo fupi, Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi, alitoa faida 60. Lakini sharti ndege alishwe, anyweshwe, wala asiteswe. Mwenye uzi mguuni hapati hata moja katika hayo.

Basi mama, mwanao akikuletea kinda, mrejesheni kiotani saa ile ile. Wazazi wake hawamkatai ati kwa kuwa ameguswa na mkono wa mtu.