Shati la Mirabaraba Lina Kosa Gani?

Hapa Kakamega, kijana aitwaye kwenye mahojiano ya kazi aghalabu huhimizwa atafute shati jeupe. Lile lake la mirabaraba, hata likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, huambiwa ni la sokoni, si la ofisini.

Amri hii imetoka wapi? Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipopiga marufuku suti za Kaunda bungeni, aliyataja mavazi yawapasayo wabunge wanaume: koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Mirabaraba hakuigusa. Je, meneja wa ofisi ya vyumba viwili ana heshima kuliko Bunge?

Sisi wanaisimu tunazifahamu kanuni za namna hii, zisizoandikwa popote lakini zinazomwadhibu asiyezijua. Neno lenyewe halina hatia: limetokana na mraba, umbo la pande nne sawa, tulilolipokea kutoka Kiarabu.

Nakiri kwamba miraba mikubwa ya rangi kali hugombana na tai. Bali ile midogo ya samawati juu ya nyeupe, ukiwa hatua chache tu, huioni. Tai ya rangi moja hutulia juu yake. Tena shati jeupe la mtumba mara nyingi huja kola ikiwa imekwisha kugeuka manjano.

Mwajiri ayatakaye mashati meupe na ayaandike kwenye tangazo la kazi, au ayanunue yeye.