Kwa nini mtoto mwenye bwaki halishwi kwa pupa

Katika vituo vya lishe mjini Goma, jambo moja huwashangaza akina mama wengi. Mtoto aliyekaa na njaa kwa wiki nyingi, miguu imevimba na nywele zimepauka, hapewi sahani ya ugali na maharagwe. Hupewa kikombe kidogo cha maziwa mepesi, kisha husubiri saa tatu apewe kingine. Usiku pia anaamshwa anywe.

Vita vya Masisi na Rutshuru viliwaondoa wakulima mashambani na kuwajaza pembezoni mwa mji muda mrefu kabla waasi wa M23 hawajaingia Goma mwezi Januari 2025. Pale shamba linapoachwa, chakula cha watoto hubaki wanga mtupu. Hapo ndipo huja unyafuzi, ugonjwa ambao watu wa Kivu huuita bwaki.

Sababu mojawapo ya tahadhari hiyo ni kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kina kazi mbili: kumwaga ndani ya utumbo majimaji yenye vimeng'enya vya kusaga wanga, protini na mafuta, na kutia insulini kwenye damu.

Kongosho halifanyi kazi bila kuamriwa. Amri ya kwanza hutoka kwenye ubongo. Mtu akinusa chakula au akianza kutafuna, neva iitwayo vagasi hupeleka habari na majimaji huanza kutoka. Mrusi Ivan Pavlov, aliyechunguza usagaji wa chakula kwa kutumia mbwa, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904.

Amri ya pili hupitia damu. Mwaka 1902 mjini London, William Bayliss na Ernest Starling waligundua sekretini. Chakula chenye asidi kikitoka tumboni, ukuta wa utumbo hutoa homoni hiyo, na kongosho humwaga maji ya kupoza asidi. Homoni nyingine, kolesistokinini, huita vimeng'enya na kukamua nyongo.

Lakini vimeng'enya vyenyewe ni protini. Mwili usiopata protini hauna cha kuviundia. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari Hugh Trowell na J.N.P. Davies waliuchunguza unyafuzi kwa miaka mingi, na Davies alionyesha kwamba kongosho la watoto hao hunyauka. Amri inafika, ila kiwanda hakina malighafi. Habari njema ni kwamba mtoto akilishwa vizuri, kongosho hurudia kazi yake.

Hatari nyingine ni insulini. Mtoto mwenye njaa kali huwa na insulini kidogo. Akishibishwa ghafla, insulini hupanda na kusukuma sukari, potasiamu na fosfati kuingia ndani ya seli. Madini hayo hupungua katika damu na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo shibe ya ghafla inaweza kumuua mtoto aliyenusurika na njaa.

Ndiyo maana wauguzi huanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, na protini kidogo. Uvimbe ukianza kupungua na hamu ya kula ikirudi, mtoto huhamishiwa F-100 au mchanganyiko laini wa karanga ulio tayari kuliwa. Mama anayemwongezea mwanawe chakula kwa siri siku za kwanza humweka hatarini bila kujua.

Nyumbani nako kuna somo, nalo limetoka kwa panya wa maabara. Panya waliolishwa soya mbichi walivimba kongosho. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini. Utumbo ukikosa tripsini hutoa kolesistokinini zaidi, na kongosho hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, huku protini nyingi ikipotea.

Moto huharibu sehemu kubwa ya kizuizi hicho. Kwa familia za Goma zinazopika uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na uji uchemke mpaka uive. Kuni na makaa ni ghali, lakini uji usioiva humnyima mtoto protini ile ile ambayo mama ameinunua kwa shida.