Kontena Ndani ya Kompyuta: Daftari la Kikundi Lisipotee

Kikundi kikipata kompyuta moja ya kuhudumia watu wote, yaani seva, kila mtu huja na haja yake. Mweka hazina ataka hesabu, vijana wataka masomo. Hapa Kibera, Tunapanda Institute ilianzisha mtandao wa kijamii uliounganisha shule na vituo vya vijana, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Shida ni programu moja kuvuruga nyingine. Dawa yake ni kontena.

Kontena ni nini? Sote Lindi twalijua kontena la chuma lililopitia Mombasa na mizigo, kisha likageuzwa duka. La kompyuta lafanana nalo: programu moja imefungiwa humo pamoja na vifaa vyake vyote. Ikiharibika, mwaliondoa na kuweka jingine, na jirani hasumbuki. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ndiyo programu ya kusimamia makontena haya, nayo haina malipo kwenye Linux.

Jinsi ya kuiweka. Kwenye Ubuntu au Debian, andikeni amri hizi moja moja, mkiwa na bando:

1. sudo apt update
2. sudo apt install docker.io
3. sudo docker run hello-world

Ya tatu ni ya kujaribu. Mkiona salamu, kazi imefaulu. Programu ikishateremshwa yakaa kwenye mashine, haihitaji kuteremshwa tena kila siku. Na kwa sababu stima hupotea, ongezeni maneno --restart unless-stopped mnapoanzisha kontena. Stima ikirudi na mashine ikiwaka, litaamka lenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Kontena likifutwa, yaliyoandikwa ndani yake hufutwa pia. Fikirieni akiba ya mama mboga ya mwaka mzima! Basi tengenezeni sanduku la nje:

sudo docker volume create daftari

Kisha mnapoanzisha programu ya hesabu, wekeni -v daftari: na mara baada ya nukta mbili, bila nafasi, mwandike mahali programu hiyo inapoweka kumbukumbu zake. Maelezo ya programu huonyesha mahali hapo. Hata kontena likibadilishwa, daftari litabaki.

Lakini sanduku hilo bado liko ndani ya mashine ileile. Moto ukizuka au mwizi akija, vyote vyaenda. Kila wiki nakilini hesabu kwenye flashi, ikae nyumbani kwa mwanachama mwingine. Tena, anayeruhusiwa kuendesha Docker anaweza kutawala mashine nzima. Mchagueni kama mnavyomchagua mshika ufunguo wa sanduku la chama.

Ya kujadiliana kikundini: Mashine yetu ikiibwa usiku huu, kesho tutajuaje nani ameweka akiba ya shilingi ngapi?