Chakula na Mafua ya Mzio: Tunawanyima Watoto Nini, na kwa Sababu Gani?

Mvua za vuli zinapokatika na jua likarejea juu ya mji wa Voi, nyasi zilizoota kando ya reli, katika viwanja vya shule na kwenye uwanda wote unaoelekea Tsavo huanza kutoa maua. Maua yenyewe ni madogo, hayanukii wala hayapendezi macho, lakini upepo huyapeperusha mbali. Ndipo katika nyumba nyingi husikika chafya za alfajiri, saba au kumi kwa mfululizo. Pua huchuruzika maji, macho huwasha na kuwa mekundu, na mtoto hujisugua pua kwa kiganja mpaka ngozi ikachubuka. Wengine huiita aleji, wengine husema ni mafua yasiyokwisha. Jina lake la kitabibu ni mafua ya mzio.

Akina mama wa Voi, Mwatate na Taveta huniuliza swali moja baada ya darasa: "Sheikh, tumkataze kula nini?" Huyu ameambiwa amnyime mtoto maziwa, yule ameambiwa mayai, na wa tatu amekatazwa ndizi, nyanya, samaki na njugu kwa pamoja, hata mtoto amebaki na uji mweupe na chai ya rangi. Hali ya huyo wa tatu ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Mtoto wa miaka minne aliyenyimwa vyakula vitano kwa sababu ya chafya hudhoofika kwa njaa kabla chafya hazijakoma.

Maradhi haya hayaanzii tumboni, na matabibu wa Kiislamu waliyaona zamani. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika risala juu ya sababu iliyomfanya Abu Zayd al-Balkhi kupatwa na mafua anaponusa mawaridi katika majira ya kuchipua. Huko Uingereza daktari John Bostock aliyaeleza maradhi haya, ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo, mnamo mwaka 1819. Na Charles Blackley wa Manchester akabainisha mwaka 1873 kwamba mchokozi ni chavua, yaani ule unga mwepesi wa maua. Mwili wa mwenye mzio huidhania chavua kuwa ni adui, ukamwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayowasha na kuvimbisha pua.

Hapa kwetu wachokozi si haba. Ziko nyasi, uko utitiri wa vumbi la magodoro, iko kuvu ya nyumba zenye unyevu huko juu Wundanyi, na uko mti wa mathenge. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973 kupandwa katika machimbo ya Bamburi, Mombasa, kisha katika miaka ya 1980 ukapandwa sehemu nyingi kame, na leo umeenea mpaka nyanda za chini za Taita Taveta. Jamaa zetu wanaofanya kazi Kuwait na Saudia wanaujua vizuri, kwani huko chavua yake ni miongoni mwa zinazosumbua watu sana.

Basi chakula kinaingilia wapi? Watu wengi huanza na asali, nami nitakaa nayo kidogo.

Kaunti yetu ina asali njema. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamening'iniza mizinga kwenye nyaya kuzunguka mashamba yao, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki; shamba likasalimika na asali ikauzwa. Wengi huamini kwamba ukila asali ya mahali unapoishi, mwili utaizoea chavua ya hapo na chafya zitakwisha. Hoja yenyewe inavutia, lakini ina tundu. Nyuki hukusanya hasa chavua nzito ya maua yenye rangi na harufu, na inayotutoa chafya kwa wingi ni ile nyepesi ya nyasi inayobebwa na upepo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 36 waligawanywa mafungu matatu: wa kwanza wakala asali ya mahali pao, wa pili asali ya kiwandani, na wa tatu shira iliyotiwa ladha ya asali. Hapakuonekana tofauti. Utafiti mwingine, wa Malaysia, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuwa na wagonjwa 40. Wote walipewa dawa ya loratadine kwa wiki nne, na nusu yao wakaongezewa asali, gramu moja kwa kila kilo ya uzito kila siku. Hao wa asali walipata nafuu zaidi. Lakini ukipiga hesabu, mtu wa kilo 60 hula kama vijiko vitatu vikubwa kila siku, na mwenye maradhi ya sukari hana nafasi hiyo.

Najua atakayeniuliza: je, Surat An-Nahl, aya ya 69, si imetaja poza katika asali? Naam, imetaja, nasi twaamini. Lakini wako wafasiri waliotanabahi kwamba neno shifaa hapo limekuja bila ya alifu na lamu. Maana yake mna poza ndani yake, wala si kwamba ndiyo poza ya kila ugonjwa kwa kila mtu. Habasoda nayo nasema vivyo hivyo. Utafiti mdogo wa Iran wa mwaka 2011 uliona mafuta yake yakipunguza kuziba kwa pua. Anayeitumia jikoni na aendelee, bila kuacha dawa aliyopewa hospitalini.

Kuna jambo moja la asali lisilo na mjadala: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata tone la kulambishwa. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria wanaomwaga sumu katika utumbo mchanga, mtoto akalegea viungo na kushindwa kupumua. Wenye kuwafanyia watoto tahniki wanayo tende, nayo ndiyo iliyothubutu katika Sunna.

Sasa tuje sokoni. Matunda yanaweza kweli kumsumbua mwenye mzio wa chavua, kwa sababu ya kufanana. Protini za baadhi ya matunda na mboga hufanana na za chavua, mwili ukachanganya. Mwenye mzio wa nyasi huweza kuhisi midomo, ulimi au koo vikimwasha anapokula nyanya mbichi ya kachumbari, tikiti maji au chungwa. Kwa wengine ni ndizi mbivu, zile tamu za Taveta. Kuwasha huko huanza mara tu anapokula na mara nyingi hutulia baada ya dakika chache. Mama huyo huyo akizipika nyanya zile zile katika mchuzi, mtoto hula bila taabu, maana moto huzivunja protini hizo. Kwa hiyo aliyewashwa na kachumbari hana haja ya kunyimwa mchuzi, na asiyewashwa na chochote hana sababu ya kukatazwa tunda lolote. Lakini uso au koo likivimba, au pumzi ikibana, au mwili ukatoka mabaka, huo si mwasho mdogo tena. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Samaki wana habari yao. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, na jodari au vibua waliosafiri bila barafu ya kutosha hujitengenezea histamini ile ile katika minofu yao. Kuwapika hakuiondoi, wala kuwakaanga. Mlaji huwa mwekundu usoni, kichwa kikamgonga, ngozi ikamwasha, na watu wakasema ana aleji ya samaki, ilhali kosa ni la joto la safarini. Akila wabichi wa siku hiyo hana neno. Mnunuzi na atazame barafu kabla hajatazama bei.

Maziwa yamesingiziwa mno. Watu husema huzidisha makamasi, lakini huko Australia watafiti waliwapima watu 60 walioambukizwa mafua kwa makusudi, wakakuta waliokunywa maziwa mengi hawakutoa makamasi zaidi ya wengine. Yale mazito ayahisiyo mtu kooni ni maziwa yaliyochanganyika na mate. Wapo watoto wenye mzio wa maziwa kwa kweli, lakini aghalabu hao hujulikana kwa kutapika, kuharisha au kutoka vipele, na huthibitishwa kwa vipimo, si kwa maneno ya jirani. Pilipili nayo humchuruzisha pua kila mtu, si mzio.

Ikiwa lazima nilaumu chakula fulani, nitaielekeza lawama kwenye chipsi. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2013 uliwauliza vijana zaidi ya 300,000 wa miaka 13 na 14 kutoka nchi 51. Waliokula vyakula vya haraka mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na pumu kali, mafua ya mzio na ukurutu zaidi ya wenzao, na waliokula matunda mara tatu au zaidi walikuwa na nafuu. Uhusiano kama huo hauthibitishi kwamba chipsi ndizo zinazoleta ugonjwa. Lakini hata hivyo nashangaa kumwona mtoto aliyekatazwa ndizi akinunuliwa chipsi stendi ya Voi.

Kilichobaki si cha jikoni. Madirisha yafungwe asubuhi zenye upepo, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na pua ioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo. Anayetawadha kwa utulivu na kupandisha maji puani amekwisha anza kazi hiyo, ila akiwa amefunga asizidishe. Piriton husaidia, lakini huleta usingizi, na dereva wa lori la barabara ya Mombasa asiimeze akaenda safari. Dawa kama loratadine humezwa mara moja kwa siku, hivyo hata Ramadhani huweza kuliwa wakati wa futari. Na mtoto ambaye kifua chake hulia kama filimbi usiku, akakohoa mpaka akashindwa kulala, asisubirishwe kwa asali wala kwa kukatazwa mayai. Hiyo huenda ni pumu, nayo ina dawa ya kuvuta ambayo daktari humpimia.